Jiwe la Kusagia

Tulipokuwa tunachimba shimo la choo nyuma ya nyumba, hapa kambini mkoa wa Kigoma, sululu iligonga jiwe. Tukalitoa. Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kwa kutumika sana, na chini yake vipande vya chungu. Mama akacheka: “Kumbe kulikuwa na wenyewe!” Mimi sikucheka. Wiki ileile, mkutanoni, ofisa mmoja alikuwa ametugombeza eti siye wakimbizi tumemaliza msitu ambao haujawahi kuguswa na mtu. Jina lake naliacha.

Nikamwuliza mzee mmoja Muha anayeuza mihogo sokoni. Akaniambia babu yake alizaliwa humu humu porini, kisha Mwingereza akawahamisha kwa sababu ya malale.

Nikaanza kusoma. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng’ombe wengi mno Afrika Mashariki. Ng’ombe wakiisha, vichaka vinarudi kwenye malisho, na vichaka vikirudi, wanyama pori na mbung’o wanarudi navyo. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, njaa ikafuata, mashamba yakaachwa. Mwaka 1922 malale yaligunduliwa upande wa Mwanza, na miaka iliyofuata yakaenea magharibi. Basi miaka ya 1930 serikali ya Tanganyika ikawakusanya watu wa Buha waliokuwa wametawanyika porini, ikawaweka kwenye makazi ya pamoja, wafyeke eneo moja kubwa ili mbung’o akose kivuli. Walikotoka pakabaki patupu, miombo ikafunika mashamba. Sehemu ya nchi hiyo leo ni mapori ya akiba kama Moyowosi, ambako watalii walikuja kuwinda.

Mzee anasema babu yake alikuwa anarudi usiku kuchimba mihogo yake aliyoiacha. Hapo nilimwelewa bila mkalimani.

Shinyanga amri ilikuwa nyingine. Huko C.F.M. Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung’o, pamoja na machifu wa Kisukuma, walikusanya maelfu ya watu wakate vichaka. Mbung’o akarudi nyuma kweli. Lakini ukataji haukukoma, pamba na mifugo vikaongezeka, na kufika miaka ya 1980 wanawake wa huko walikuwa wanafuata kuni mbali kama wa kwetu. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichofaulu zaidi kilikuwa ngitili, desturi ya zamani ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua ili kifae kiangazi. Ng’ombe wakizuiwa, visiki na mizizi vinachipua vyenyewe. Ngitili za hekta kama 600 zikaja kuwa zaidi ya hekta 300,000.

Miombo yetu nayo inarudi vivyo hivyo. Mtundu ukikatwa, kisiki kinatoa machipukizi mengi. Ukibakiza mawili matatu yaliyonyooka, yanakimbia, maana mizizi ya mti mzima ndiyo inayoyalisha. Kinachoua ni moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, majani yakiwa makavu kabisa, na kung’oa kisiki.

Na siye tunang’oa. Tuseme ukweli. Kuni zikiwa mwendo wa saa tatu, na dada zetu wanavamiwa njiani, nani ataacha kisiki kilichopo mlangoni? Kwa hiyo simtetei mtu, pori tumelila. Ila lililoliwa ni pori lililoota juu ya mashamba ya watu, na liliota bila kupandwa na mtu yeyote.

Miche niliyogawiwa mimi ilikauka kabla Agosti haijaisha. Maji ya kunywa yenyewe tunapanga foleni. Kisiki cha mtundu nilichokizungushia miiba, hatua chache kutoka lile shimo, kina fito tatu sasa, zimenipita urefu. Jirani ameshaniomba moja ya kuezekea. Nimemwambia asubiri.

Jumamosi kamati ya mazingira ina kikao. Nitaomba mambo mawili: visiki vya kando ya barabara vipakwe rangi vising’olewe, na kila nyumba itakayotunza visiki vyake ipewe jiko banifu kwanza. Jiwe nalo nitalibeba wakalione, kama mama atakubali, kwa sababu sasa analisagia mahindi.