Kilo za Mchoro na Kilo za Mizani: Hoja Kutoka Kisongo

Katika Uwanja wa Ndege wa Arusha, pale Kisongo, begi la abiria wa Serengeti hupita kwanza kwenye mizani, na kikomo kilichozoeleka ni kilo 15. Kwenye ndege ndogo hata abiria mwenyewe anaweza kuombwa apande juu ya mizani. Cessna 208B ya kawaida hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 3,969, na uwanja uko takriban mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 13. Tena jumla ya kilo peke yake haitoshi. Kila uzito huzidishwa kwa umbali wake kutoka alama moja ya kupimia, majibu yakajumlishwa, kisha yakagawanywa kwa uzito wote. Hapo ndipo rubani anapojua kitovu cha uzito kimekaa wapi.

Hesabu hiyohiyo hufanywa na programu za usanifu wa mitambo mtu anapodai tungamo na kitovu cha uzito cha kipande, au cha vipande vingi vilivyounganishwa. Tofauti ni moja, na ndiyo hoja yangu: karatasi ya rubani huanzia kwenye mizani, ya msanifu huanzia kwenye mchoro. Tarakimu za programu ni dai tu mpaka mizani itoe ushahidi, hata zikiandikwa kwa desimali sita.

Arusha ina mafundi wanaorefusha Land Cruiser za utalii na kuziwekea paa la kuinuka. Tuchukue fremu ya paa hilo: mita 18 za skwea paipu ya milimita 25, ukuta wa milimita 1.5. Eneo la chuma kwenye mkato ni milimita mraba 141. Kwa densiti ya kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, fremu ina kilo 19.9. Mchoraji akisahau kutoboa paipu, akaiacha nondo nzima, programu itamjibu kilo 88 bila kusita. Asipotaja chuma kabisa, baadhi ya programu humpa densiti ya maji, kilo 1,000, na fremu inakuwa ya kilo 2.5. Makosa haya angalau yanapiga kelele. La hatari ni lile la kimyakimya: paipu iliyonunuliwa kwa jina la 1.5 ikawekewa venia ikasoma 1.2. Fremu sasa ni kilo 16, mchoro haujakosea hata mstari mmoja, na nguvu iliyotegemewa haipo.

Gari likiwa na kilo 2,800 na kitovu chake kikiwa sentimita 80 kutoka ardhini, fremu ya kilo 20 kwenye kimo cha mita 2.1 hukipandisha kwa milimita 9 tu. Msanifu anaweza kuridhika. Ila paa halisafiri tupu: ongeza kilo 150 za mahema, tairi la akiba na madumu, kitovu kinapanda milimita 74. Momenti ya inesha ni kali zaidi, maana umbali huingia ukiwa kipeo cha pili: kilo 20 zilizo mita 1.3 kutoka mhimili wa kulalia upande huchangia karibu mara 19 ya kilo hizohizo zikiwa sentimita 30. Na si magari tu: kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa abiria 101 na kilibeba wengi zaidi. Uzito uliokuwa kwenye makaratasi haukuwa uzito uliokuwa majini.

Atakayenijibu kwamba mizani ni ghali, nitamkubalia nusu. Mizani ya malori haifai hapa kwa vyovyote. Zile kilo nne za tofauti ya paipu hupotelea ndani ya hatua zake za kusomea. Ila ya kupimia magunia inatosha kwa fremu, na mji ambao una Chuo cha Ufundi pamoja na TEMDO, taasisi ya usanifu mitambo iliyoundwa kwa sheria ya 1980, haukosi. Ningependa kila mchoro unaotoka kwa mwanafunzi uwe na safu mbili, kilo zilizokokotolewa na kilo zilizopimwa, na densiti iliyotumika itajwe waziwazi.

Kitovu nacho hupimwa kwa kamba. Fremu ining'inizwe kwenye pembe moja, timazi ishushwe kutoka pembe hiyohiyo, uzi ufungwe kufuata mstari wake. Kisha irudiwe kwa pembe nyingine. Nyuzi mbili zitakutana hewani, katikati ya uwazi wa paa. Bawaba za kilo moja, zilizosahauliwa kuchorwa kwenye ukingo ulio sentimita 60 kutoka katikati, zitaonekana hapo: nyuzi zitakutana karibu sentimita 3 pembeni mwa nukta ya programu, upande wa bawaba.