Gundi Ipi kwa Land Rover ya Mzee?

Watu husema kila Land Rover ya zamani inavuja oili, na wanasema huku wanacheka. Sisi hapa Gitambi hatukucheka. Gari la mzee ambalo vijana wetu wanajifunzia ufundi, Series III, lilikuwa linaacha doa jeusi kila linapolala. Mvua ikinyesha, doa linashuka na maji kuelekea mpunga wa Bugarama.

Vijana walichanga wakanunua tyubu ya silikoni. Nikawaambia wangoje. Wakanuna, maana pesa ilikuwa yao.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, ndiyo maana bodi yake ni ya alumini. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuja na Series II, iliyotoka 1958, na Series III ya 1971 hadi 1985 ikabaki nayo. Miaka ya 1970 gari hizi ziliunganishwa hata Thika, Kenya. Kwa hiyo ukifungua boneti ya mzee, unaangalia mawazo ya miaka ya hamsini.

Na mawazo hayo yalikuwa gasketi ya koki na karatasi. Koki ni gome la mti, mwingi unatoka Ureno. Ukiibana inajaa kwenye mabonde ya bati lililopinda. Mafundi wa zamani walipaka pia shelaki, utomvu wa wadudu wa India, ambao unakauka kabisa. Siku ya kufungua tena unatafuta patasi, na patasi inakwaruza chuma.

Mwaka 1953 profesa Vernon Krieble wa Hartford, Marekani, alipata gundi inayoganda pale inapokosa hewa, kati ya chuma na chuma. Ndiyo iliyozaa Loctite. Inataka nyuso zilizonyooka sawasawa, bati la sampu haliiwezi. Rolls-Royce nao, kwa ajili ya injini za ndege, walitengeneza Hylomar, ile ya bluu isiyokauka kamwe. Silikoni, inayoganda kwa unyevu wa hewani, ilikuja kutawala baadaye, viwanda vilipoanza kuunda injini zisizo na gasketi ya kukatwa, kifuniko kinafungwa kwa mstari mwembamba wa gundi peke yake. Injini hizo zilichorwa hivyo tangu mwanzo. Ya mzee haikuchorwa hivyo.

Sababu yangu ya kuwazuia vijana haikutoka kitabuni. Mjomba wangu alikuwa na pikapu anayoilipia kidogo kidogo. Fundi mmoja wa mjini akaipaka silikoni kwenye sampu kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Iliyozidi ikafinyangwa ndani, ikakatika, ikaziba chujio la pampu ya oili. Taa nyekundu ikawaka barabarani, mjomba akasema tufike kwanza. Beringi za krankshafti zikaungua. Deni likabaki, gari hakuna.

Basi kwa mzee tulianza na kitu ambacho hakiuzwi: tuliosha kipumulio cha injini. Kikiziba, presha inajaa ndani na inasukuma oili popote penye upenyo, hata ungepaka gundi ya dhahabu. Kisha tukanyoosha ukingo wa kifuniko cha valvu, ulikuwa umepindwa na watu wanaodhani kukaza sana ndiyo kuziba. Koki mpya, Hylomar nyembamba upande wa kifuniko tu, upande wa injini pakavu. Nati tatu za juu zikazwe taratibu, koki isije ikachomoka pembeni. Silikoni tuliitumia kidogo kwenye kona za sampu, ya ukubwa wa punje ya mchele. Vijana wakafurahi kwamba pesa yao haikupotea yote.

Mbele na juu pamekauka. Nyuma bado panadondoka, kwenye tundu la chini kati ya injini na gia boksi. Hapo ni sili ya krankshafti, na hakuna gundi ya tyubu inayofika. Lazima gia boksi ishuke.

“Kijana,” mzee aliniuliza, “hiyo ni pesa ngapi?”

Nilimtajia. Akanyamaza, akaenda kutafuta kopo tupu la maziwa ya unga. Tumelifunga kwa waya chini ya tundu, na kila jioni kijana wa zamu anapima limejaa kiasi gani.