Vitanza ndimi: kwa nini ulimi hukwama?

Jaribu kusema haraka, mara tatu: "Wale wana wa liwali wala wali wa liwali." Wengi hukwama kabla ya mara ya pili. Maneno kama hayo huitwa vitanza ndimi. Liwali alikuwa mtawala wa mji enzi za sultani na za wakoloni, na "wala" hapa maana yake ni "wanakula". Watoto huyarudia bila kujua hata moja kati ya hayo mawili, na mchezo hauharibiki.

Waingereza nao wanavyo. Mwaka 1813 kilichapishwa London kitabu kidogo cha watoto, Peter Piper's Practical Principles of Plain and Perfect Pronunciation, chenye vitanza ndimi vya herufi moja moja. Jina lenyewe tu ni kazi kulitamka! Kingine chao ni kifupi sana: red lorry, yellow lorry, yaani lori jekundu, lori la njano. Ukikirudia upesi, r na l hugeuka kuwa kitu kimoja.

Kwa Kiingereza mtunzi hutafuta maneno yanayoanza kwa sauti moja. Kwa Kiswahili, sarufi humfanyia nusu ya kazi. Tukisema "kile kikombe kikubwa kilichovunjika", hatujatunga chochote. Ngeli ya ki- imejirudia yenyewe. Ndiyo maana "katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata kukata miti" husikika kama habari ya kawaida, mpaka uambiwe uirudie.

Ulimi hukwama pale sauti mbili zinapotengenezwa karibu karibu mdomoni. Kwa l, ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu na pumzi hupita pembeni. Kwa r, ncha hiyo hiyo hugonga na kuachia. S na sh ni majirani wa namna hiyo pia.

Huku kwetu Kigoma, wengi tuliokulia Kiha hupishanisha r na l tukizungumza Kiswahili. Si ujinga, na mtoto asichekwe kwa hilo. Lakini maana hubadilika: mahari ni ya posa, mahali ni pa kukaa, kura hupigwa, kula ni chakula. Mwanafunzi anayeandika kama anavyotamka hupoteza alama kwenye imla, na sisi wa redio tukiteleza hapo, taarifa nzima hugeuka kichekesho.

Zoezi ni kuanza polepole, kila silabi isikike, ndipo uongeze mwendo. Tumewatungia wasikilizaji wa Simbo viwili:

"Lori la Ilagala lililolala leo litarudi Simbo likilia."

"Simba wa Simbo hasombi sembe, sembe ya Simbo husombwa na wasomba sembe wa Simbo."

Cha kwanza ni cha r na l. Cha pili ni cha kucheka tu, jioni, watoto wakisubiri ugali.