Vijana wa Nepal Waliovuka Mpaka Kutafuta Elimu

Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Asia mahali ambapo kila mtu ataiona. Itafuteni kwanza India, ile nchi kubwa iliyochongoka na kuingia baharini. Sasa pandisheni kidole kaskazini mpaka kwenye milima ya Himalaya. Hapo, katikati ya India na China, mtaona nchi nyembamba iliyolala kama mkeka. Hiyo ndiyo Nepal. Haina pwani, na India imeizunguka pande tatu: mashariki, kusini na magharibi.

Leo nitawaeleza jinsi vijana wa Nepal walivyovuka mpaka huo kutafuta masomo yaliyolingana na mifuko yao, na jinsi masomo hayo yalivyosaidia kuangusha serikali iliyokuwa ikiwanyima.

Tangu 1846 mpaka 1951 Nepal ilikuwa na mfalme, lakini mfalme hakutawala. Madaraka yote yalishikwa na ukoo mmoja, ukoo wa Rana. Waziri Mkuu alitoka katika ukoo huo, na akiondoka, hufuata mwingine wa ukoo uo huo. Wa kwanza wao, Jung Bahadur, alisafiri kwenda Uingereza mwaka 1850. Aliona shule za huko na zikampendeza. Aliporudi alianzisha shule ya Kiingereza, lakini aliianzisha ndani ya jumba lake, kwa watoto wa ukoo wake. Raia hawakuwa na sehemu humo.

Kwa nini? Nadhani sababu haifichiki. Mtu asiyejua kusoma hutia kidole gumba katika hati asiyoijua imeandikwa nini. Mtu kama huyo ni rahisi kumtawala.

Sikilizeni mambo mawili, nanyi mtaona hofu ya watawala hao ilivyokuwa. Mwaka 1920 mtu aitwaye Krishna Lal Adhikari alitoa kitabu juu ya kilimo cha mahindi. Naam, mahindi haya haya tunayolima sisi. Watawala walikisoma, wakaona kwamba katika maneno yake juu ya shamba mna mafumbo ya kuwasema wao. Mwandishi alitiwa gerezani, akafia humo. Tena mwaka 1930 vijana wa Kathmandu, mji mkuu, walitaka kufungua maktaba ya watu wote. Hawakuomba silaha, waliomba rafu za vitabu. Walikamatwa, wakatozwa faini.

Hata hivyo serikali ilihitaji makarani. Mwaka 1918 Waziri Mkuu Chandra Shamsher alifungua Tri-Chandra, chuo cha kwanza cha elimu ya juu nchini. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alifaulu mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha Calcutta, katika India. Chuo chake nacho kilifungamanishwa na Calcutta, na baadaye na Chuo Kikuu cha Patna, India vilevile. Mnaona? Hata aliyesoma nyumbani alipata shahada iliyotoka kwa jirani. Nepal haikuwa na chuo kikuu chake.

Sasa turudi kwenye ramani. Shukeni kusini kutoka Kathmandu mpaka Mto Ganges. Kando ya mto huo uko mji wa Banaras, ambao siku hizi huitwa Varanasi. Ni mji mtakatifu wa dini ya Kihindu, na Wanepali wamekuwa wakiuendea tangu zamani sana, wengine kuhiji, wengine kusoma Kisanskriti, lugha ya vitabu vya dini yao. Katika mji huo zilikuwako nyumba za sadaka zilizowapa wanafunzi maskini wa tabaka la Brahmani chakula na mahali pa kulala bila malipo. Nimesema tabaka la Brahmani, na msilipite neno hilo upesi. Mtoto wa fundi cherehani wa tabaka la chini hakupewa sahani hapo, na msichana pia hakuwa katika hesabu. Elimu ya bei nafuu haikuwa nafuu kwa kila mtu.

Mwaka 1916 kilianzishwa hapo Banaras chuo kikuu kikubwa, Banaras Hindu University. Basi kijana wa Nepal aliyetaka sheria, historia au sayansi alikuwa na mahali pa kwenda pasipokuwa ng'ambo ya bahari. Hakuhitaji nauli ya meli. Herufi za Kihindi ni zile zile zinazoandika Kinepali, na lugha zenyewe ni ndugu. Wali na dengu vilikuwa chakula cha nyumbani na cha ugenini pia. Gharama ya masomo si karo peke yake. Ni nauli, ni chakula, ni kodi ya chumba, na ni miaka inayopotea mtu akijifunza lugha ngeni. Katika hayo yote Banaras ilikuwa karibu.

Lakini njia ilikuwa ngumu. Kutoka bonde la Kathmandu hapakuwa na barabara ya magari mpaka miaka ya 1950. Mtu alipanda na kushuka milima kwa miguu mpaka Bhimphedi. Tangu 1927 palikuwa na reli fupi kutoka Amlekhganj mpaka Raxaul, mji wa mpakani upande wa India, na hapo mwanafunzi aliingia katika gari la moshi la Kihindi. Motokaa za wakubwa wa Kathmandu zilipitishwa milimani zikiwa zimebebwa mabegani na wapagazi. Mwanafunzi alibeba sanduku lake mwenyewe.

Huko India vijana hao walipata zaidi ya shahada. Walisoma magazeti. Waliwaona wanafunzi wa Kihindi wakiandamana kudai uhuru kwa Waingereza, wakajiuliza: na sisi je? Mmoja wao alikuwa Bishweshwar Prasad Koirala. Alizaliwa Banaras mwaka 1914, akakulia uhamishoni kwa sababu baba yake aliwaudhi watawala wa Rana. Alisoma katika chuo kikuu cha Banaras, kisha akasoma sheria Calcutta. Waingereza walimfunga kwa kushiriki katika harakati za India. Mwaka 1947 yeye na wenzake waliunda chama cha siasa, wakiwa Calcutta, kwa maana Nepal penyewe haikuwezekana.

Mwaka huo huo wanafunzi wa shule ya Kisanskriti ya Kathmandu waligoma. Walitaka wafundishwe pia masomo ya kisasa, kama historia na jiografia. Serikali ikawafukuza viongozi wao nchini. Wakaenda wapi? Wengi wao walikwenda Banaras! Hapo mimi hucheka kidogo. Ni kama kumwadhibu samaki kwa kumtupa mtoni.

Tarehe 31 Julai 1950 Waziri Mkuu Mohan Shamsher alitia sahihi mkataba wa amani na urafiki na India. Mkataba huo uliwapa raia wa kila nchi haki ya kukaa, kufanya biashara na kusafiri katika nchi ya pili. Miezi michache baadaye Mfalme Tribhuvan alikimbilia ubalozi wa India, na wafuasi wa chama cha Koirala wakaingia na silaha kutoka India. Februari 1951 utawala wa ukoo wa Rana ukaisha. Wakati huo Wanepali waliojua kusoma walikuwa kama watano tu katika kila mia.

Mwaka 1959 mambo mawili makubwa yalitokea. Chuo Kikuu cha Tribhuvan, cha kwanza cha Nepal, kilianzishwa. Na katika uchaguzi mkuu wa kwanza chama cha Koirala kilipata viti 74 kati ya 109, naye akawa Waziri Mkuu.

Hata baada ya kupata chuo chao, vijana hawakuacha kuvuka. Serikali ya India iliwapa baadhi yao msaada wa masomo, hasa ya udaktari na uhandisi. Mpaka leo Mnepali haombi viza kuingia India. Tangu 1993 rupia 100 za India ni rupia 160 za Nepal, nayo haipandi wala kushuka. Mzazi anayeuza mbuzi ili alipe karo anaweza kupiga hesabu ya mwaka mzima, jambo ambalo mzazi wa mwanafunzi aliyeko Uingereza hawezi.

Na Koirala? Desemba 1960 mfalme mpya, Mahendra, alimwondoa madarakani na kumtia kizuizini. Alikaa humo karibu miaka minane. Alipotolewa mwaka 1968 alivuka mpaka tena, akaishi mji ule ule wa Banaras mpaka 1976.

Wakati wetu umekwisha. Andikeni katika madaftari yenu maneno haya: mpaka, mkataba, karo, uhamisho. Mwalimu wa darasa atawasomesha ramani tena, pole pole, kwa wale waliochelewa. Kwa herini.