Datsun 240Z ya mwaka 1971: gari lililofufuliwa na dereva aliyekimbia kwao

Juzi nilimwambia fundi mmoja wa pikipiki hapa kambini kwamba kuna watu Japani walifungua gari la zamani, bolti kwa bolti, wakalirudisha likawaka, na wala hawakutaka kuliuza. Akacheka sana. Akaniuliza, "Sasa litabeba nani?" Nilikosa jibu. Leo najaribu kumjibu.

Tuanzie mwaka 1953. Waingereza walipokuwa wanamtawaza Malkia Elizabeth II, huku kwetu Afrika Mashariki wakaanzisha mbio za magari zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo hizo mbio za Safari. Baadaye zikawa zinafanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, ndiyo maana matope yalikuwa adui mkubwa kuliko dereva mwenzako. Leo unakula vumbi, kesho unasukuma gari mtoni. Mwendo wake ulipita kilomita 5,000. Magari mengi yalianza, machache yakamaliza.

Mwishoni mwa 1969 kampuni ya Nissan ya Japani ikatoa gari dogo la michezo. Kwao waliliita Fairlady Z, nje likajulikana kama Datsun 240Z. Injini yake ilikuwa ya lita 2.4, silinda sita kwenye mstari mmoja. Lilikuwa na boneti ndefu na lilikaa chini chini. Ukiliangalia unasema hii ni gari ya lami tu, barabara zetu zitaivunja siku ya kwanza.

Kumbe hapana. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na mwenzake Hans Schüller, walishinda Safari kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine, na dereva wake alikuwa kijana wa Kihindi mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta.

Hapa naomba tutulie kidogo. Mehta alitoka kwenye familia yenye mashamba, mtu mwenye kwao. Mwezi wa nane mwaka 1972, Idi Amin akatangaza kuwa Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Siku 90 kufunga maisha yote! Wengi wetu hatukupewa hata saa moja, lakini maumivu ya kuacha mlango nyuma yako tunayajua. Familia ya Mehta ikakimbilia Kenya.

Pasaka iliyofuata, 1973, akaingia tena kwenye Safari na 240Z. Alimaliza akiwa na pointi sawa kabisa na Harry Källström wa Sweden, ambaye pia aliendesha Datsun. Ikabidi sheria ya kutenganisha waliolingana itumike, na Mehta akatangazwa mshindi. Hakuishia hapo. Alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano jumla. Alifariki mwaka 2006, na watu wa mbio bado wanalitaja jina lake.

Turudi kwenye ile gari nyekundu ya 1971. Ilipelekwa Japani ikawekwa ghalani pamoja na magari mengine ya kale ya Nissan, mjini Zama. Gari likikaa miaka mingi bila kuwashwa linaoza kimyakimya. Mipira inakauka na kupasuka, petroli ya zamani inaganda kwenye kabureta, breki zinashika, waya zinaliwa, kutu inakula bodi kutokea ndani. Kwa nje unaona gari, kwa ndani ni maiti.

Wafanyakazi wa Nissan wana klabu yao ya kufufua magari ya zamani, wanafanya kwa kujitolea, nje ya saa za kazi. Mwaka 2013 wakaichukua hii 240Z, wakaitengeneza mpaka ikatembea tena kwa injini yake.

Ugumu wa kazi kama hiyo hauko kwenye spana peke yake. Ukibadilisha kila kitu unapata gari jipya lenye jina la zamani. Usipobadilisha chochote, haliwaki. Lazima uamue kipi ni ugonjwa wa kutibiwa na kipi ni kovu la kuachwa, kwa sababu kovu nalo ni historia.

Basi, fundi wangu, jibu langu ni hili: gari lile linabeba ushahidi. Mtoto wa Japani akilisikia linanguruma, anajua kweli kuna watu walipita kwenye matope ya Afrika Mashariki mwaka ule, na kwamba aliyewafuata nyuma alikuwa kijana ambaye mwaka uliofuata alifukuzwa kwao.

Sisi hatuna ghala kama la Zama. Vyombo vya baba zetu vilibaki: baiskeli, cherehani, redio. Mafundi wenyewe wanazeeka hapa hapa kambini. Mimi nimeanza na mzee mmoja jirani yetu aliyekuwa dereva wa lori kabla ya vita. Nimeandika kwenye daftari njia zote alizopita, na mahali lori lilipomharibikia. Nawe muulize mzee wako wiki hii alikuwa anafanya kazi gani, uandike kabla hajasahau.