Waya Uliopimiwa Taa

Fundi anapokwenda kubadilisha kebo ya kuingizia umeme kwenye nyumba kuukuu nchini Marekani, cha kwanza anachokiona ni uchakavu. Kebo hiyo hushuka ukutani kutoka chini ya paa, inapoungwa na nyaya za nguzoni, hadi kwenye mita na kisha kwenye sanduku la fyuzi. Nyingi za zamani zilivishwa gamba la nyuzi zilizosukwa. Jua likishalila gamba hilo, maji ya mvua hupata upenyo, yakafuata waya taratibu mpaka ndani ya mita, na kutu ikaanza kula viungio. Lakini uchakavu ni nusu tu ya habari. Hata kama ingekuwa mpya kabisa, kebo ile isingetosha, kwa kuwa ni nyembamba. Wembamba huo husemwa kuwa ni ushamba wa enzi zile, kana kwamba mafundi wa zamani hawakujua kazi. Sioni hivyo. Walipima waya kulingana na bidhaa iliyokuwa ikiuzwa, na bidhaa hiyo ilikuwa mwanga.

Mtambo wa Thomas Edison wa Pearl Street, New York, ulipoanza kazi tarehe 4 Septemba 1882, ulikuwa wa taa. Katika miongo iliyofuata nyumba nyingi ziliingiziwa ampea 30 kwa volti zipatazo 120, yaani wati 3,600. (Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asijilinganishe haraka: kwa volti 230 za kwake, ampea hizo hizo zingempa wati 6,900.) Kwa balbu za wati 60, hizo ni balbu 60 zikiwaka kwa mpigo, na ni nani aliyekuwa nazo? Hata soketi za ukutani zilikuwa chache. Pasi ilichomekwa penye balbu, waya wake ukaning'inia kutoka darini hadi mezani. Na pasi ndiyo iliyoanza kugeuza mambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Ontario, California, umeme ulitolewa usiku tu, maana mwanga wa kununua mchana ni wa nini? Earl Richardson, msimamizi wa mtambo wa huko, aliwagawia akina mama pasi za umeme wazijaribu, kisha akaishawishi kampuni iendeshe mtambo mchana siku ya Jumanne, siku yao ya kupiga pasi. Pasi zake baadaye zikajulikana kwa jina la Hotpoint. Joto hula umeme kuliko mwanga, na anayeuza umeme hahitaji kuelezwa maana yake.

Yakafuata majiko ya umeme, na pamoja nayo ampea 60 kwa volti 240. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mashine za kukaushia nguo na viyoyozi. Mwaka 1957 ilizinduliwa hadi kampeni ya kuzipa nishani nyumba zilizotumia umeme kwa kila kitu. Ampea 100 zikawa kawaida, kisha 200, ambazo ni wati 48,000: zaidi ya mara 13 ya zile za mwanzo. Na kwa kuwa huko kebo ya ukutani kwa kawaida ni mali ya mwenye nyumba, gharama ya kuinenepesha ilimwangukia yeye.

Atakayebisha atasema kilichonenepesha kebo ni hofu ya moto, si biashara. Hoja hiyo ina uzito: kanuni za umeme za kitaifa zilitolewa tangu 1897. Ila kanuni hizo zilitaka fyuzi ilingane na waya, na fyuzi ilitimiza kazi yake kwa kukatika. Aliyepachika sarafu nyuma ya fyuzi ili isikatike tena alikuwa na vyombo ambavyo waya wake haukupimiwa. Kiwango cha chini cha ampea 100 kwa nyumba ya familia moja kilikuja wakati majiko yamekwisha kuzoeleka jikoni.

Leo balbu ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya 60, na kinachomleta fundi ni gari la kuchajiwa usiku. Hata hivyo kanuni za Marekani, kwa miongo mingi, zimeanza hesabu ya mzigo wa nyumba na taa, pamoja na soketi za kawaida: volti-ampea 3 kwa kila futi ya mraba. Jiko linaongezwa baadaye.