Breki ya Kujishikilia

Katika magari mengi ya miaka hii, karibu na gia kuna kitufe kilichoandikwa HOLD, au chenye herufi A ndani ya duara. Ni rahisi kukiita breki ya otomatiki, lakini jina hilo ni la hatari. Breki ya otomatiki ni mfumo mwingine kabisa, ule unaofunga breki wenyewe gari linapokaribia kugonga. Kitufe hiki hakisimamishi gari. Anayelisimamisha ni dereva, na dereva akiamini vingine atagonga.

Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa hadi magurudumuni, na pistoni hubana pedi kwenye diski. Ukiinua mguu, mafuta hurudi na breki huachia. Mfumo wa kitufe hiki ukiwashwa, vihisi vya magurudumu vikionyesha kwamba gari limetulia kabisa, vali za umeme ndani ya kifaa kilekile cha ABS, kinachozuia magurudumu yasigome ukifunga breki ghafla, hujifunga na kuyanasa mafuta yakiwa bado na shinikizo. Hapo unaweza kutoa mguu, na taa za breki hubaki zikiwaka. Gari likitaka kuserereka, pampu huongeza shinikizo. Ukikanyaga akseleta, kompyuta husubiri injini ipate nguvu ya kulivuta gari, ndipo huzifungua vali. Kwenye foleni iliyosimama katikati ya mlima Kitonga, nyuma yako kuna lori, msaada huo si anasa.

Kwa hiyo tuuite nini? Gereji, breki ikikamata imefanya kazi yake, na ikijifunga ni ugonjwa, gurudumu limegoma. Maneno hayo mawili yana wenyewe. Kushikilia ndiko kunakofaa, kwa maana mtu hushikilia kile ambacho tayari kimeshashikwa, na hapa mguu wa dereva ndio ulioshika kwanza. Ukiongeza -ji-, umeeleza kwamba baada ya hapo kazi inaendelea bila mguu. Napendekeza breki ya kujishikilia.

Isichanganywe na msaada wa kuondokea mlimani, ambao kwa kawaida hudumu sekunde 2 hivi, muda wa kuhamisha mguu tu. Huo una babu yake: mwaka 1936 Studebaker ya Marekani ilikuwa na kifaa kilichozuia gari lisirudi nyuma mlimani dereva akiwa amekanyaga klachi.

Wala isichanganywe na hendibreki. Vali hushikilia kwa umeme, na hazikuundwa kufanya hivyo usiku kucha. Ndiyo maana, baada ya dakika kadhaa, au dereva akifungua mkanda au mlango, magari mengi huikabidhi kazi hendibreki ya umeme, ambayo mota zake hubana pedi za nyuma. Usiliachie gari uamuzi huo. Kabla ya kushuka weka gia ya P, washa hendibreki kwa mkono wako, na uhakikishe taa yake nyekundu imewaka.